Viashiria vya protini katika saratani ya matiti: maswali tunayoulizwa dirishani kwa maabara

Maswali haya yameokotwa dirishani pa kuchukulia majibu, kwenye simu za ndugu wanaofuatilia vipimo, na kwenye mabenchi ya kliniki ya saratani. Wanaouliza ni wagonjwa, waume zao, watoto wao, na mara nyingine wauguzi wa hospitali za wilaya wanaotuma vinyama, yaani vipande vidogo vya tishu vilivyotolewa mwilini ili vipimwe. Kazi yangu ni ya maabara ya patholojia: kuandaa tishu, kuikata na kuipaka rangi. Dawa ataandika daktari wako. Ninachoweza ni kukusaidia kuielewa karatasi uliyopewa, ili ukiingia chumbani kwake ujue cha kumuuliza.

## Mambo ya mwanzo

1. Viashiria vya protini ni kitu gani?

Kila seli ya mwili hutengeneza protini za kufanyia kazi zake. Nyingine hupokea taarifa za homoni, nyingine huamuru seli igawanyike, nyingine huishikanisha seli na jirani yake. Seli ya saratani nayo huzitengeneza, ila mara nyingi kwa kiasi kisicho cha kawaida. Protini ambayo kuwepo au kukosekana kwake kunatuambia jambo kuhusu saratani hiyo ndiyo tunayoiita kiashiria.

Kwenye karatasi za saratani ya matiti utakutana zaidi na vinne: ER, PR, HER2 na Ki-67. Vitatu vya kwanza vinapaswa kupimwa kwa kila saratani ya matiti iliyovamia tishu za jirani. Ki-67 huongezwa pale inapowezekana. Vinajibu maswali mawili: ugonjwa huu una tabia gani, na dawa ipi itaufikia. Kwangu mimi swali la pili ndilo zito, kwa sababu jibu likikosewa hapo mgonjwa hunyimwa dawa ambayo ingemfaa.

2. Ni kipimo cha damu?

Hapana. ER, PR, HER2 na Ki-67 hupimwa kwenye kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wenyewe. Viashiria vya damu kama CA 15-3 ni habari nyingine, na vina mipaka mikubwa (swali la 18).

3. Kuchoma sindano au kukata kinyama si kutaamsha saratani isambae?

Hofu hii inawarudisha watu wengi nyumbani, nami sina wepesi nayo. Kuchukua kinyama kwa sindano nene hakujaonekana kupunguza uhai wa mgonjwa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtu alikuja uvimbe ukiwa tayari umekua, akachukuliwa kinyama, ugonjwa ukaendelea na mwendo wake, na sindano ikabebeshwa lawama.

Sindano nene hutoa vijiti vya tishu, na hivyo ndivyo vinavyofaa zaidi kupimia viashiria. Sindano nyembamba hunyonya seli zilizotawanyika. Inaweza kuonyesha kuwa kuna saratani, lakini kupima HER2 juu ya seli hizo ni kazi ngumu. Ukiambiwa utachomwa, uliza ni sindano ipi.

4. Niliambiwa wiki iliyopita kuwa ni saratani. Mbona ER, PR na HER2 bado?

Kwa sababu ni kazi mbili zinazofuatana. Kinyama kwanza hukaa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhia tishu, saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Baadaye huondolewa maji, huzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda hukatwa tabaka nyembamba za mikroni chache tu. Tabaka hizo hupakwa rangi ya kawaida ya waridi na zambarau, na mtaalamu wa patholojia huziangalia kwa hadubini. Hapo ndipo anapoweza kusema ni saratani, ya aina gani, na ya daraja gani (yaani seli zake zimeachana kiasi gani na za kawaida).

Viashiria huja baada ya hapo. Tunakata tabaka mpya na kuzimwagia kingamwili zilizotengenezwa kushika protini moja tu. Kingamwili ya ER haishiki kitu kingine ila ER. Ikishika, rangi ya kahawia hutokea mahali pale. Kipimo hiki huitwa immunohistokemia, na kwenye fomu huandikwa IHC. Kemikali zake ni ghali na huharibika haraka, ndiyo maana maabara nyingi husubiri sampuli kadhaa zifike ndipo zipimwe kwa pamoja. Katika mpango wake wa saratani ya matiti wa 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la uchunguzi kukamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Ukiona siku zinakwenda huna jibu, fuatilia. Kufuatilia si usumbufu.

## Kusoma karatasi ya majibu

5. ER na PR maana yake nini?

ER ni kipokezi cha estrojeni na PR ni kipokezi cha projesteroni. Kipokezi ukifikirie kama sikio la seli. Homoni inapopita kwenye damu, seli yenye sikio huisikia na kutii, na kwa seli ya saratani kutii ni kukua. Seli isiyo na sikio, homoni ipite isipite, haina habari.

Wazo hili lilianza kabla ya protini yenyewe kujulikana. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza kuwa alitoa ovari za wanawake wenye saratani ya matiti iliyofika mbali, na uvimbe ukanywea. Hakujua kwa nini ilifanya kazi. Ilichukua miaka 60 hivi hadi Elwood Jensen, huko Chicago, alipoonyesha kuwa tishu zinazoitikia estrojeni zina protini inayoikamata homoni hiyo. Tangu hapo ikawezekana kumjua mapema mgonjwa atakayefaidika na tiba ya homoni, badala ya kubahatisha.

6. Karatasi inasema "ER chanya, asilimia 80, Allred 7/8". Nifurahi?

Ndiyo, hilo ni jibu zuri. Asilimia 80 ni sehemu ya seli za saratani ambazo kiini chake kimeshika rangi. Allred ni njia ya kuhesabu inayojumlisha vitu viwili: wingi wa seli zilizoshika (0 hadi 5) na ukali wa rangi (0 hadi 3). Kwako wingi ulipata 5 na ukali 2, jumla 7 kati ya 8. Maabara nyingine hutumia hesabu ya H yenye kilele cha 300. Usilinganishe namba za hesabu mbili tofauti.

Mpaka wa chini ni asilimia 1. Kuanzia hapo saratani huitwa ER chanya. Kati ya 1 na 10 huitwa chanya hafifu, na tangu 2020 miongozo inataka ielezwe hivyo waziwazi, kwa kuwa kundi hili huitikia dawa za homoni kwa namna isiyotabirika sana. Mgonjwa wa asilimia 3 na wa asilimia 90 wote wana neno "chanya", lakini mazungumzo yao na daktari si yale yale. Angalia namba, usiishie kwenye neno.

7. ER chanya lakini PR hasi. Inawezekana?

Inawezekana. PR hutengenezwa kwa amri inayopitia ER, kwa hiyo ikikosekana ni dalili kwamba mfumo wa homoni haufanyi kazi kikamilifu. Ubashiri huwa hafifu kidogo, ila dawa za homoni bado hutumika. Kinyume chake, ER hasi na PR chanya, ni nadra sana. Jibu kama hilo kwanza huturudisha kwenye slaidi (kioo chenye tabaka la tishu) kukagua kama kipimo kilienda sawa.

8. HER2 ni nini, na 0, 1+, 2+, 3+ ni nini?

HER2 ni protini iliyo kwenye utando wa nje wa seli, nayo huisukuma seli igawanyike. Kila mtu anayo kidogo. Katika saratani moja hivi kati ya kila 5 au 7, jeni yake iliyopo kwenye kromosomu ya 17 hujirudufu mara nyingi, na utando wa seli hufunikwa na protini hiyo. Dennis Slamon na wenzake walionyesha mwaka 1987 kuwa saratani za namna hii hurudi haraka na kuua mapema. Wakati huo jibu la HER2 chanya lilikuwa habari mbaya tupu. Mwaka 1998 trastuzumab ikaidhinishwa Marekani, kingamwili inayoishika HER2 yenyewe, na maana ya jibu hilo ikageuka.

Kwa hadubini, 3+ huonekana kama wavu: kila seli imezungushiwa mstari mzito wa kahawia, na zaidi ya asilimia 10 ya seli ziko hivyo. Hiyo ni chanya. Alama 0 na 1+ ni hasi. Alama 2+ haijaamua.

9. Nimepata 2+. Sasa?

Inahitajika FISH au kipimo cha jamii yake, kinachohesabu nakala za jeni ndani ya kiini badala ya kuangalia protini. Hufanyika kwenye kinyama kilekile, huchomwi tena. FISH haipo kila maabara, na mara nyingi bloku (kipande cha nta chenye kinyama chako) lazima isafirishwe.

Tatizo ninaloliona ni 2+ kuachwa hivyohivyo. Mgonjwa anapewa karatasi, anaanza matibabu kama mtu wa HER2 hasi, na hakuna anayerudi nyuma. Kama karatasi yako inasema 2+, muulize daktari wako kwa maneno haya haya: "Je, FISH imeagizwa?"

10. Ki-67 yangu ni asilimia 40. Ni kubwa?

Ni kubwa. Ki-67 huonekana kwenye seli ambazo ziko katika mzunguko wa kugawanyika, na hutoweka seli ikipumzika. Kwa hiyo seli 40 katika kila 100 ziko kazini. Jina lake limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ambako kingamwili yake ilielezwa mwaka 1983, na 67 ni namba ya kishimo cha sahani ya maabara ilimopatikana.

Hiki ndicho kiashiria kinachobishaniwa zaidi. Wasomaji wawili wa slaidi moja wanaweza kutoa 15 na 22. Kundi la kimataifa linalokishughulikia linashauri kuiamini zaidi namba iliyo asilimia 5 au chini, au 30 au zaidi. Ukiwa katikati, usipoteze usingizi kwa tofauti ya pointi chache. Na Ki-67 kubwa si mkosi mtupu: seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo kemo (dawa za kuua seli za saratani) huzipata kwa urahisi.

11. ER hasi, PR hasi, HER2 hasi. Ndiyo hukumu ya kifo?

Hapana. Saratani ya hasi-tatu haina masikio ya homoni wala HER2 ya kushikwa, kwa hiyo tamoxifen, ambayo ni dawa ya homoni, na trastuzumab haziifai. Hukua haraka, na hatari ya kurudi ni kubwa zaidi katika miaka 3 hadi 5 ya mwanzo. Lakini kemo huiathiri sana. Wapo wanaopewa kemo kabla ya upasuaji na titi likikatwa hatukuti seli hata moja ya saratani, na hao huwa na matumaini makubwa. Miaka inavyopita bila ugonjwa kurudi, hatari yao hushuka kuliko ya wenye ER chanya, ambao wanaweza kurudiwa hata baada ya miaka 10.

Kabla ya kulipokea jibu hili, hakikisha kipande kilihifadhiwa vizuri. Sababu iko swali la 12 na la 20.

12. Ni kweli saratani za wanawake wa Kiafrika karibu zote ni hasi-tatu?

Si kweli, na imani hii imewaumiza watu. Ni kweli kuwa hasi-tatu ni nyingi zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya, hasa Afrika Magharibi. Lakini Afrika si nchi moja, na tafiti za upande wa Mashariki hazikupata kiwango sawa na cha Ghana. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2014, uliokusanya tafiti za bara zima, ulikuta kusini mwa Sahara zaidi ya nusu ya saratani zilikuwa ER chanya. Na ukaonyesha jambo la pili ambalo sisi wa maabara tunapaswa kulibeba moyoni: vinyama vilivyokusanywa kwa utaratibu maalumu wa utafiti vilitoa ER chanya nyingi kuliko bloku za zamani zilizotolewa makabatini.

Maana yake, sehemu ya ile "hasi" ilitoka kwenye uhifadhi mbaya. Protini ilikuwepo kwenye titi la mama yule, ikaharibika njiani, tukaandika hasi. Tamoxifen ni kidonge cha bei ndogo ambacho huduma nyingi zinakimudu. Mama akaikosa kwa sababu kinyama kilichelewa kutiwa kwenye fomalini. Ndiyo maana siwezi kuandika ukurasa huu bila swali la 20.

13. Karatasi yangu ina E-cadherin, GATA3, p63. Hizi je?

Hizo ni za kumsaidia mtaalamu wa patholojia kutambua, si za kuchagulia dawa. E-cadherin huzishikanisha seli. Saratani inayoanzia kwenye vifuko vya maziwa kwa kawaida huipoteza. GATA3 husaidia kusema kuwa uvimbe wa kwapani au wa ini asili yake ni titi. p63 huonyesha ukuta wa seli unaozunguka mirija ya maziwa: ukuta ukiwa umebaki, saratani haijavamia.

14. Hatua ya ugonjwa na viashiria, kipi kina uzito?

Vyote. Hatua inasema ugonjwa umefika wapi. Viashiria vinasema ni ugonjwa wa tabia gani. Toleo la 8 la mfumo wa kupanga hatua wa AJCC (kamati ya saratani ya Marekani), lililoanza kutumika 2018, linaunganisha ukubwa, tezi za kwapa na kusambaa pamoja na daraja, ER, PR na HER2. Ndiyo maana wanawake wawili wenye uvimbe wa sentimita zilezile wanaweza kupewa hatua tofauti.

## Kutoka karatasi hadi dawa

15. Kiashiria gani huendana na dawa gani?

ER au PR chanya: dawa za homoni. Tamoxifen huziba sikio la seli, na hufaa anayeendelea kupata hedhi na aliyekoma. Anastrozole na letrozole hupunguza utengenezaji wa estrojeni, lakini hufaa tu kwa aliyekoma hedhi au ambaye ovari zake zimezimwa. Kumpa mwanamke anayepata hedhi dawa hizi bila ovari kuzimwa ni kosa.

HER2 chanya: trastuzumab pamoja na kemo, na wakati mwingine pertuzumab. Hasi-tatu: kemo, na pale zinapopatikana, dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Kwa ugonjwa uliosambaa, hizo huhitaji kipimo kingine cha protini kiitwacho PD-L1.

Kuwa na ER chanya hakumwondolei kila mtu kemo. Uvimbe mkubwa, tezi za kwapa zilizoshikwa, au Ki-67 ya juu vinaweza kuidai. Kuna vipimo vya jeni nyingi vinavyosaidia uamuzi huo, ila bei yake kwa wengi wetu haishikiki, na daktari huamua kwa vitu vilivyomo kwenye karatasi yako.

16. Nimepona, sina uvimbe. Kwa nini nimeze tamoxifen miaka 5?

Kwa sababu seli chache za ER chanya zinaweza kujificha miaka mingi. Takwimu za majaribio yaliyounganishwa pamoja zilionyesha kuwa miaka 5 ya tamoxifen ilipunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15, kwa wenye ER chanya. Kinga inaendelea hata baada ya vidonge kuisha. Utafiti wa ATLAS uliotangazwa kwa ukamilifu 2013 ulikuta miaka 10 ina faida zaidi kwa baadhi ya wagonjwa.

Madhara yapo: joto la ghafla, damu kuganda kwenye mishipa, na kwa waliokoma hedhi, hatari ndogo ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Mguu ukivimba upande mmoja, au damu ikitoka ukeni ilhali umekoma hedhi, nenda hospitali usisubiri tarehe ya kliniki. Usiache dawa kimyakimya. Sema, kuna njia za kukupunguzia taabu.

17. Trastuzumab ni ghali. Kuna njia?

Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwishoni mwa 2019 likaidhinisha ubora wa toleo la kwanza linalofanana na la asili. Matoleo hayo yameshusha bei. Kozi ya kawaida ni mwaka mmoja. Miaka 2 haikuonekana kuzidi mwaka 1. Utafiti wa PERSEPHONE wa Uingereza, uliochapishwa 2019, ulikuta miezi 6 haikuwa duni kuliko mwaka mmoja kwa kiwango kilichowekwa. Wataalamu wengi bado hushika mwaka mmoja, lakini kama fedha zitaishia nusu njia, lizungumze mapema. Moyo lazima upimwe kwa ekokadiogramu kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3 hivi.

## Viashiria vya damu

18. CA 15-3 yangu ni ya kawaida. Basi sina saratani?

Huwezi kusema hivyo. CA 15-3 ni kipande cha protini iitwayo MUC1 kinachodondoka kwenye damu. Kwa saratani changa, wengi wana CA 15-3 ya kawaida kabisa. Na watu wasio na saratani wanaweza kuwa nayo juu, kwa mfano wenye homa ya ini au ini lililosinyaa. Kwa hiyo haifai kutafutia saratani. Vifurushi vya "kupima saratani zote kwa tone la damu" vinavyouzwa mitaani visikuondolee fedha. Ukiona uvimbe, jibu lake ni kupapaswa na mtaalamu, ultrasaundi au mamografia, kisha kinyama.

19. Basi inapimwa ya nini?

Kwa mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa, mwendo wake husaidia kujua kama dawa inafanya kazi, pamoja na picha na hali ya mgonjwa. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa katika maabara ileile. Katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo wa dawa mpya inaweza kupanda kwa muda kwa sababu seli zinakufa na kumwaga protini. Asibadilishiwe mtu dawa kwa namba moja.

## Kipande chenyewe

20. Ndugu amepewa kinyama akipeleke maabara ya mjini. Azingatie nini?

Hapa ndipo majibu mengi huharibikia, kabla hata hayajafika kwetu.

Tishu ikitoka mwilini, protini huanza kuoza. Inapaswa kuingia kwenye fomalini ndani ya saa 1. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali yake, na iwe nyingi: angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Si maji ya chumvi, si spiriti, si chupa kavu. Usiweke kwenye friza. Barafu hupasua seli. Chombo kiwe na mdomo mpana, kifunikwe kisivuje, kiandikwe jina, upande wa titi, tarehe na saa ya kutolewa. Hiyo saa karibu kila mara haiandikwi, nasi tunabaki kukisia.

Titi zima lililokatwa lina shida ya peke yake. Fomalini hupenya milimita 1 hivi kwa saa. Ukilitumbukiza zima kwenye ndoo, nje linakauka na katikati linaoza. Nimefungua ndoo kama hiyo, titi limebanwa, fomalini haifiki hata nusu, limesafiri siku 4 kwa basi. Nje lilikuwa gumu kama inavyotakiwa. Kisu kilipofika kwenye uvimbe, harufu ilitosha kunijibu. ER ilitoka hasi. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama ni hasi kweli. Daktari wa upasuaji au muuguzi wa chumba hicho anapaswa kulichanja kabla ya kulifunga, chale za milimita 5 hadi 10 kupita kwenye uvimbe, fomalini iingie.

Ndugu mbebaji, huna uwezo wa kuchanja titi, na usijaribu. Una uwezo wa kuuliza saa ngapi limetolewa, kuona kama dawa imefunika kipande, na kufika siku hiyohiyo au kesho yake. Fomalini ni sumu: usiivute, usiishike, usiiweke karibu na chakula.

21. Maabara mbili zimenipa majibu tofauti. Nani mkweli?

Huenda zote zimesema zilichokiona. Uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu zisizofanana, au vipande viwili vilihifadhiwa tofauti. Jambo la kwanza ni kuangalia mirija ya kawaida ya titi iliyo pembeni mwa saratani. Baadhi ya seli zake huwa na ER siku zote. Kama nazo hazikushika rangi, kipimo kimeshindwa, na "hasi" hiyo haina thamani. Mwombe daktari wako awaulize: je, mirija ya kawaida ilishika rangi? Kama haikushika, kipimwe upya, ikiwezekana kwenye kipande kingine.

22. Nimeanza kemo kabla ya viashiria kupimwa. Nimechelewa?

Hujachelewa ikiwa kinyama cha kwanza bado kipo. Kipimwe hicho. Usisubiri upasuaji, kwa sababu kemo ikifanya kazi vizuri huenda kusibaki kitu cha kupima.

## Hali za pekee

23. Saratani imerudi kwenye mfupa. Tupime upya?

Ndiyo, kama inawezekana kupata kinyama kwa usalama. Viashiria vinaweza kubadilika: ER chanya ikawa hasi, na mara chache kinyume chake. Kwa mfupa, wakumbushe maabara kuwa kitapimwa viashiria, kwa sababu tindikali kali ya kulainishia mfupa huharibu protini na jeni.

24. Mwanaume naye hupimwa haya?

Hayahaya yote. Wanaume ni karibu asilimia 1 ya wagonjwa wa saratani ya matiti, na takriban 9 kati ya 10 ni ER chanya. Tamoxifen ndiyo dawa yao kuu ya homoni. Wengi huchelewa kwa aibu.

25. Mke wangu ni mjamzito. Atasubiri ajifungue?

Kinyama na vipimo vyake havisubiri, havimdhuru mtoto. Kinachopangwa ni dawa. Tamoxifen na trastuzumab hazitolewi wakati wa ujauzito. Baadhi ya kemo huweza kutolewa baada ya miezi 3 ya mwanzo, na upasuaji huwezekana.

26. BRCA ni kiashiria kama HER2?

Hapana. BRCA1 na BRCA2 ni jeni ulizozaliwa nazo, hupimwa kwa damu au mate, na jibu linawagusa dada na watoto wako. Viashiria tulivyozungumza ni vya uvimbe na havirithiwi. Uhusiano upo: saratani za wenye kasoro ya BRCA1 mara nyingi huwa hasi-tatu.

27. Nina uvimbe mbili, mmoja kila titi. Kipimo kimoja kinatosha?

Hakitoshi. Zinaweza kuwa saratani mbili zisizohusiana. Kila upande upimwe.

28. Nilipimwa miaka 6 iliyopita, HER2 1+, nikaambiwa hasi. Sasa nasikia "HER2 ya chini" ina dawa.

Ni kweli. Mwaka 2022 utafiti wa DESTINY-Breast04 ulionyesha kuwa trastuzumab deruxtecan (trastuzumab iliyobebeshwa dawa ya kuua seli) iliongeza maisha ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa na wana HER2 1+, au 2+ yenye FISH hasi. Haihusu aliyepona, na upatikanaji wake kwetu bado ni mgumu. Ila 1+ siyo tena sawa na 0, kwa hiyo karatasi inayosema "hasi" bila alama haitoshi.

Bloku yako ya nta inaweza kupimwa leo ikiwa imetunzwa pakavu pasipo na joto kali. Iombe kupitia daktari wako, na saini uichukuapo. Usikubali kupewa slaidi zilizokatwa zamani ili zipakwe rangi sasa, kwa maana tabaka likishakatwa na kukaa wazi, protini zake hufifia. Waombe wakate upya kutoka kwenye bloku.